Nguvu Huja Mwisho: Subaru ya Turbo Nyumbani

Sura hii imejengwa juu ya gari moja, Subaru Impreza WRX. Yapo magari ya spoti yenye kasi kuliko hili, na mazuri kwa sura kuliko hili. Nimelichagua kwa kuwa ndilo ambalo mtu wa mshahara wa kawaida Nairobi, Arusha au Kampala anaweza kulipata, akafungua boneti mwenyewe, na akaliua kwa mikono yake.

WRX ya kwanza ilitoka mwaka 1992. Patrick Njiru alikuwa mmoja wa waliowazoesha Wakenya kuiona Subaru kwenye vumbi la Safari Rally. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda mbio hizo kwa Impreza, na Richard Burns naye akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Baada ya hapo gari halikuhitaji mpiga debe. WRX zikaanza kuja kutoka Japani zikiwa zimetumika, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, WRX za enzi hizo unazoziona barabarani leo zimeshakaa huku muda mrefu kuliko zilivyokaa kwao. Zimepita mikono mingi, na si kila mkono ulikuwa na subira.

Mmiliki mpya kwa kawaida huanza na mlio. Anafunga sailensa kubwa, kisha valvu ya kupuliza inayopiga chafya kila anapobadilisha gia, kisha filta ya hewa yenye umbo la koni. Halafu anatafutwa fundi mwenye kompyuta anayeahidi nguvu zaidi kabla ya saa ya chakula cha mchana. Haupiti muda injini imenoki, na gari linasukumwa nyuma ya gereji kusubiri injini ya mtumba. Mimi nitakwenda kinyume: oili kwanza, kisha maji, belti, breki na matairi, na nguvu mwisho kabisa. Kila unachoongeza juu kinabebwa na kilicho chini yake, na kwenye injini hii kilicho chini kabisa ni beringi nyembamba.

Injini yenyewe inaitwa EJ20. Ilianza mwaka 1989 kwenye Legacy, ikadumu miaka 30, na mwaka 2019 Subaru ikaiaga kwa toleo la mwisho la magari 555 yaliyogawiwa wanunuzi wa Japani kwa bahati nasibu. Silinda zake nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto. Pistoni ina kipenyo cha milimita 92 lakini mwendo wake ni milimita 75 tu. Kwa mpangilio huo injini inakaa chini, uzito unakuwa karibu na ardhi, na gari linakata kona likiwa limetulia. Lakini krenki inakuwa fupi, na beringi zote za krenki na za konrodi zinabanana kwenye nafasi ndogo, kwa hiyo zinatengenezwa nyembamba. Beringi nyembamba haina akiba. Ikikosa oili kwa sekunde chache wakati turbo inasukuma, inaanza kulika, na ikishaanza hairudi nyuma.

Kuhusu ule mlio wa kukoroma ambao watu wanaupenda, wengi hudhani unatokana na silinda kulala. Unatokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu kabla ya kufika kwenye turbo. Kwenye matoleo ya baadaye ya Japani mabomba yalisawazishwa, turbo ikaitikia mapema zaidi, mlio ukapotea. Wapo wanaonunua mabomba ya zamani ili waurudishe. Kila mtu na pesa yake.

Turudi kwenye oili. Kwa foleni zetu na vumbi letu, imwage kila kilomita 5,000, hata kama kopo limeahidi 10,000. Daraja la 5W-40 linaifaa WRX yenye umri kwenye nchi ya joto. Namba ya pili ndiyo inayoonyesha oili itabaki nzito kiasi gani injini ikishapata moto, na shafti ya turbo, inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inaelea juu ya utando huo wa oili tu. Nunua kwa muuzaji ambaye unaweza kumrudia, kwa sababu oili bandia huuzwa kwenye makopo yanayofanana kabisa na ya kweli. Badilisha na washa ya nati ya kumwagia kila mara. Ni kipande cha bei ndogo, na ukirudishia ya zamani utaona tone sakafuni kesho yake.

Kijiti cha kupimia oili kwenye EJ ni kisumbufu. Injini ikitoka kuzimwa, oili inakuwa imepaka kuta za mrija wa kijiti, hivyo upande mmoja unaonyesha imejaa na mwingine imepungua. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, na uamini upande unaosoma chini. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni takribani lita moja. EJ ya turbo hula oili kidogo hata ikiwa nzima, kwa hiyo mwenye gari asiyepima kati ya sevisi moja na nyingine anaweza kuendesha nusu ya muda huo akiwa chini ya alama. Hapo ndipo kona inapoua injini. Ukiingia kona ndefu kwa kasi, oili iliyobaki hukimbilia upande mmoja wa sampu na bomba la kunyonya linavuta hewa. Bomba hilo lenyewe lina sifa ya kupasuka kwenye kiungo chake, kwa hiyo sampu ikifunguliwa kwa sababu nyingine yoyote, weka lililoimarishwa.

Filta ya zamani usiitupe. Igeuze imwagike usiku kucha, kisha ikate kwa kikata filta cha kuzungusha. Msumeno wa chuma hautakiwi hapa, maana utaingiza chembe zako mwenyewe na kusoma habari za msumeno. Toa karatasi ya ndani, ikamue, ikunjue juu ya kitambaa cheupe na uiache juani. Halafu pitisha sumaku. Chembe zinazoifuata ni za chuma: gia ya pampu, kemshafti, ringi. Zisizoifuata, zinazometa rangi ya shaba au fedha unapoinamisha karatasi kwenye mwanga, mara nyingi zinatoka kwenye beringi. Vumbi laini sana la kung'aa ni la kawaida kwenye injini yenye umri, na ukifanya hivi kila sevisi utajua kiasi cha kawaida cha injini yako. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa ukucha, usiwashe tena. Injini iliyogunduliwa hapo inaweza kuokolewa kwa beringi na kuchongwa krenki. Ikisubiri hadi konrodi itoboe bloku, hakuna cha kuokoa.

Sikio nalo lina kazi. WRX nyingi hugonga gonga asubuhi zikiwa baridi, kwa sababu pistoni fupi inacheza kwenye silinda hadi ipate joto na kutanuka. Mlio huo ukipotea baada ya dakika chache, endelea na safari yako. Ule unaoanza injini ikiwa imeshapata moto, unaoongezeka ukipandisha mzunguko na unaosikika zaidi unapoachia kanyagio, ni habari ya beringi ya konrodi. Mpigie fundi simu ukiwa umeshazima gari, na uletewe gari la kuvuta.

Maji sasa. Kuna tabia mbili za gereji zetu ambazo WRX haizisamehe. Ya kwanza ni kujaza rejeta maji ya bomba. Kulanti inapandisha kiwango cha kuchemka na ina kinga ya kutu kwa alumini ambayo injini nzima imeundwa kwayo. Maji ya bomba yana chumvichumvi zinazoganda kwenye mishipa ya rejeta. Ukiwa Mombasa maji matupu yanachemka kwa nyuzi 100, ukiwa Nairobi kwa takribani nyuzi 94, na injini hii hufanya kazi vizuri kwenye karibu joto hilohilo. Kinachozuia yasichemke ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko. Kifuniko kikichoka springi, gari litachemsha hata kama kila kitu kingine ni kipya. Badilisha kifuniko kabla ya kuanza kushuku gasketi.

Tabia ya pili ni kutoa themostati "ili gari lisichemshe". Ukiitoa, injini ikiwa barabara kuu haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado asubuhi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Petroli hiyo inasafisha oili kwenye kuta za silinda na nyingine inateremka kwenye sampu na kuifanya oili iwe nyepesi. Unakuwa umetibu joto kwa kuziumiza beringi. Nunua themostati halisi ya Subaru. Ya bei rahisi hufanana nayo kwa nje, lakini ukiziweka pamoja kiganjani utaona mdomo wa halisi ni mpana zaidi.

Kujaza kulanti kwenye injini iliyolala kunataka uvumilivu kwa sababu hewa hujificha kwenye vichwa vya silinda. Kwenye WRX mahali pa kujazia ni tangi dogo la chuma juu ya injini, ambalo ndilo sehemu ya juu kuliko zote. Inua pua ya gari kidogo, fungua hita hadi mwisho wa joto, mimina polepole huku ukiminyaminya mipira mikubwa, na usikie mapovu yakipanda. Washa injini, iache hadi feni iwake na kuzima mara mbili, huku ukiongeza. Acha ipoe kabisa kabla ya kufungua tena. Aliyefungua kifuniko cha moto hahitaji kuelezwa mara ya pili.

Belti ya taimingi haina hadithi ndefu. Kwa magari ya Japani ni kilomita 100,000, na kama huna karatasi zinazoonyesha ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa. Ikikatika, valvu zinagongana na pistoni. Badilisha pamoja na tenshena, roli zake na pampu ya maji, kwa kuwa belti hiyohiyo ndiyo inayoizungusha pampu na kazi ya kufungua ni ileile. Kama hujawahi kupanga alama za kemshafti nne, hii ndiyo kazi moja ya sura hii ambayo ningekushauri umlipe fundi na usimame karibu ukitazama.

Kabla hujaingia chini ya gari: jeki ni ya kuinulia, stendi ndizo za kushikilia. Matofali na mawe hupasuka bila taarifa.

Breki ndizo zinazonifanya niwe mkali. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo unashusha kiwango chake cha kuchemka. DOT 4 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kiwango kinachokubalika ni nyuzi 155. Kwenye mitaa ya mjini hutaona tofauti. Utaiona ukiteremka Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu ukiwa nyuma ya lori, mguu juu ya breki kilomita kadhaa: mafuta yanachemka ndani ya kalipa, mvuke unabonyea ambapo mafuta hayabonyei, na kanyagio linazama hadi sakafuni. Ndiyo maana mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka miwili hata kama yanaonekana masafi. Unahitaji mpira mwembamba wa plastiki, chupa yenye mafuta kidogo ili ncha ya mpira isivute hewa, na mtu wa kukanyaga. Yeye anakanyaga na kushikilia, wewe unafungua nati, unafunga, ndipo anaachia. Akiachia kabla hujafunga, mnaanza upya. Tazama rangi kwenye mpira: yakitoka kahawia na kugeuka ya asali, hamia gurudumu jingine, na usiache chupa ya juu ikauke.

Pedi bora na mafuta mapya kwenye diski za kawaida zisizopinda vinatosha kwa WRX ya barabarani. Kalipa kubwa za Brembo kutoka toleo la STI ni nzuri, lakini wengi wanaozitafuta bado wana mafuta ya breki ya tangu Japani.

Matairi yana sheria moja ambayo mwenye gari la magurudumu mawili ya kuvuta anaweza kuipuuza na mwenye Subaru hawezi. Magurudumu yote manne yanavuta, na katikati kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kwenye WRX nyingi za gia za mkono ina kifaa chenye mafuta mazito ambacho hubana pale mbele na nyuma vinapozunguka kwa mwendo tofauti. Ukiweka tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma, mizunguko haitalingana hata kwenye barabara iliyonyooka, na kifaa hicho kitasuguana mchana kutwa hadi kiungue. Subaru hutaka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi karibu milimita 6. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kwenye kila tairi, andika. Halafu soma tarakimu nne mwishoni mwa msimbo wa DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye kashata nzuri inaweza kuwa na umri wa mtoto wa darasa la tano.

Kwa mwendo wa gari, bushi mpya zitakupa zaidi ya springi fupi. Gari lililoshushwa kwenye barabara zenye matuta linagonga mwisho wa shokapu, na shokapu ikigonga, tairi inaruka. Kama bado unataka kuongeza kitu, weka fimbo nene ya kuzuia kulala upande wa nyuma. WRX ina tabia ya kusukuma pua nje ya kona, na fimbo hiyo inapunguza tabia hiyo kwa kazi ya jioni moja. Ukimaliza, peleka gari alaimenti.

Sasa nguvu, na kwanza yale mapambo ya mwanzo. WRX nyingi hupima hewa kwa sensa iliyo karibu na filta, mwanzoni kabisa mwa njia ya hewa. Kompyuta inasoma uzito wa hewa iliyopita hapo na kuagiza petroli inayolingana. Kila kitu hutegemea uaminifu wa hesabu hiyo. Valvu ya kiwandani, unapoachia kanyagio, huirudisha hewa iliyozidi ndani ya bomba, nyuma ya sensa, kwa hiyo hesabu inabaki sawa. Ile ya kupiga chafya inaitupa nje. Hewa imeshahesabiwa, petroli yake imeshaagizwa, lakini yenyewe haipo. Kila unapobadilisha gia, silinda zinapata petroli nyingi kuliko hewa, plagi zinaota masizi, na moshi mweusi unakuaga nyuma. Hiyo ni hasara ya kuvumilika. Filta ya koni ni hatari zaidi, hasa ikija na bomba lake. Sensa imepimiwa bomba la kipenyo fulani. Ukiweka bomba pana zaidi, hewa ileile inapita taratibu mbele ya sensa, kompyuta inadhani ni kidogo, inaagiza petroli kidogo, na mchanganyiko unakuwa mkavu wakati turbo inasukuma kwa nguvu zote. Mchanganyiko mkavu huwaka kwa joto kali na kulipuka wenyewe kabla ya wakati wake. Kinachovunjika mara nyingi ni kuta nyembamba za pistoni zinazoshika ringi, na EJ ina sifa ya kuanzia silinda namba 4. Boksi la filta la kiwandani lenye filta safi ya karatasi linatosha hadi nguvu iongezeke sana.

Petroli nayo. Japani, petroli ya daraja la juu kisheria haishuki oktani 96, na inayouzwa vituoni kwa kawaida ni karibu 100. WRX na STI zilizotengenezwa kwa soko la kwao zilipangiwa hiyo. Petroli ya kawaida ya huku iko chini ya hapo, na oktani ya chini maana yake mchanganyiko unalipuka wenyewe kirahisi zaidi. Sensa ya kugonga husikia na kompyuta hurudisha cheche nyuma, lakini husikia baada ya kugonga kutokea. Hivyo gari la Japani ambalo halijaguswa kabisa tayari linaendeshwa ukingoni, na fundi anayelipandishia mgandamizo wa turbo bila kubadilisha kitu kingine analisogeza mbele ya ukingo.

Kinachohitajika kwanza ni kupangwa upya kwa kompyuta kwa petroli unayojaza wewe, kwenye mwinuko unaoishi wewe. Mara nyingi kazi hiyo ikifanywa vizuri huanza kwa kupunguza. Kabla ya kumlipa mtu, jionee mwenyewe. RomRaider ni programu ya bure inayosoma kompyuta za Subaru kupitia kebo inayoingia chini ya dashibodi. Ndani yake kuna namba inayoonyesha kompyuta inaiamini petroli kiasi gani: kwenye WRX nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000 ikijaa ni 16, kwenye za baadaye ni 1. Ikiwa imejaa, kompyuta inatumia cheche zote ilizopangiwa. Ikishuka na kubaki chini, injini imekuwa ikigonga, na hakuna ramani mpya, yaani mpangilio mpya wa kompyuta, itakayoficha hilo. Tafuta kwanza uvujaji wa hewa kwenye mipira ya intakula, plagi zilizochoka, sensa ya hewa chafu.

Fundi mzuri wa ramani atakuuliza oili ilibadilishwa lini kabla ya kuuliza unataka nguvu kiasi gani, atapima mchanganyiko kwa kipimo chake mwenyewe kwenye bomba la moshi, na atakupa nakala ya faili uondoke nayo. Asiyekubali kukupa nakala, usimwachie ufunguo. Baada ya hapo acha kebo ndani ya gari. Ukiwa safarini na umejaza kwenye kituo usichokijua, soma namba baada ya kilomita chache. Ikiwa imeshuka, endesha kwa kanyagio jepesi, turbo isijae, hadi tangi hilo liishe; jaza petroli bora mbele ya safari, na baada ya mwendo kidogo kompyuta itaipandisha namba yenyewe.